Karatasi za Njano za Sayoko

Teke lenyewe halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa mahali lilipopigwa: katikati ya mtaa wa maduka wa Asagaya, jijini Tokyo, Jumamosi ya sikukuu ya nyota, mwezi wa Agosti, watu wamebanana hadi jasho la mmoja linakaukia mgongoni kwa mwingine, na juu yao yananing'inia madude makubwa ya karatasi, mapaka na majini na wacheza mpira. Katika msongamano huo mwanamume mmoja mrefu, fulana yake imelegea shingoni kwa kufuliwa, alisimama, akafumba macho, akainua goti, akazungusha nyonga. Mguu ukaruka na kulipata bakuli la barafu ya kusagwa lililokuwa mkononi mwa Sayoko Minegishi.

Barafu ilipaa. Sharubati nyekundu ikamwagika juu ya yukata ya bluu, kanzu nyepesi ya sikukuu aliyoiazima kwa dada yake, kuanzia kifuani hadi kwenye mshipi.

"We mwehu nini!" Sayoko alifoka. "Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani dada, samahani sana." Mwanamume aliinama hadi paji la uso likakaribia magoti. "Nilikuwa natafuta nyonga."

"Nyonga ya nani?"

"Yangu mwenyewe. Mtu akirusha teke la kuzunguka, nyonga inatangulia au inafuata? Tangu asubuhi nachora nafuta, nachora nafuta. Nikasema nijaribu."

"Hapa? Na watu wote hawa?"

"Wazo limenijia hapa."

Mwingine angeita polisi. Sayoko aliutazama mkono wa yule bwana. Ubavu wa kiganja chake ulikuwa mweusi, unang'aa kwa vumbi la penseli, na doa la namna ile ile Sayoko alikuwa nalo mkononi mwake, halitoki hata kwa sabuni ya kufulia. Hasira ikaanza kumponyoka.

"Inatangulia," alisema. "Na uzito uuweke kwenye vidole vya mguu, si kwenye kisigino. Ndiyo maana umeyumba ukanipata mimi."

Mwanamume akafungua mdomo. "Uko studio gani wewe?"

"Kwanza barafu yangu."

Alimnunulia barafu nyingine, na tambi za kukaanga, na bia, na walipokuja kukumbuka saa, wauzaji walikuwa wanakunja meza zao.

Jina lake Tetsuharu Iwakiri, mzaliwa wa Nobeoka huko kusini, na kazi yake ilikuwa kuchora watu wakipigana. Hakuajiriwa na mtu. Studio ikiwa na anime, filamu ya katuni, yenye vita, ikafika pale ambapo manga, kile kitabu cha katuni filamu inakotoka, inaonyesha ngumi moja katika picha moja na mtazamaji lazima aione ngumi hiyo ikiondoka begani hadi ifike kwenye taya, basi walimpigia simu Iwakiri. Alicheza judo shuleni na hakufua dafu, lakini ilimwachia jicho. Kwake hakukuwa na ngumi tu. Kulikuwa na ngumi ya mtu aliyelelewa kwa viboko na ngumi ya mtu mwenye njaa. Jitu nene alilichora likipigana kama wabeba friji wanavyoshuka ngazi, na mzee mwalimu wa upanga kama muuza samaki anavyokata, bila haraka na bila kutazama kisu.

Sayoko naye alikuwa msimamizi wa michoro. Wachoraji wanamletea michoro mikuu, yeye anaweka karatasi ya njano juu ya kila mmoja, anawasha taa ya chini ya meza, na kuchora upya palipoharibika, ili mhusika awe yule yule mwanzo hadi mwisho na afanane na wa kwenye manga. Karatasi yake ya njano ikishakaa juu, ya chini haina kauli tena. Wachoraji walimheshimu, na wengine walimchukia kimya kimya.

Wakapendana, na mapenzi yao yalikuwa ya ajabu kidogo. Jumapili walikwenda bustani ya Zenpukuji, Sayoko na mwavuli wake, Tetsuharu na mfuko wa viazi vya kuchoma.

"Huo ndio mkuki wako," Tetsuharu alimwambia. "Haya, nichome."

"Nitakuumiza."

"Bosi, kila siku unaua watu kwa penseli, leo unaogopa mwavuli?"

Sayoko akamvamia. Bata wakakimbia, na bibi mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akabadili njia. Tetsuharu hakukinga, akaachia mwavuli umpate tumboni.

"Tena," alisema.

"Mbona hujikingi? Unatazama nini?"

"Natazama kazi."

"Muongo."

"Kazi na mengine."

"Na hayo mengine yakoje?"

"Yanakula kiazi changu," alisema, na kweli Sayoko alikuwa anakila.

Miaka miwili ikapita hivyo. Neno ndoa hakulitaja huyu wala yule. Sayoko, ukitaka ukweli, alikuwa analingoja. Alikuwa na miaka thelathini na nne, dada yake alikwisha kuchoka kuuliza, na kila walipokaa wakanyamaza kidogo moyo wake ulisimama kusikiliza. Lakini Tetsuharu alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao maneno yao yote yako mkononi. Kumrusha mtu ukutani kwa michoro thelathini aliweza, na sentensi moja ilimshinda.

Mwezi wa Oktoba mama yake alipiga simu. Baba ameanguka ndani ya banda la matango, upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi umekuwa mzito, na mtoto wa kiume ni mmoja tu.

"Utaenda?" Sayoko alimuuliza. Walikuwa kwenye duka la udon, tambi nene za mchuzi, nyuma ya stesheni ya Ogikubo, mvuke umefunika vioo.

"Nimalize kwanza kipindi hiki. Halafu niamue."

"Uamue nini?"

Tetsuharu alizungusha vijiti ndani ya bakuli. "Mambo."

"Mambo gani, Tetsu?"

"Mambo yote."

Sayoko alitamani kumkamata mabega amtikise. Alitaka kuambiwa neno moja tu, ama twende wote, ama niambie nibaki, na kwa lolote kati ya hayo angejibu ndiyo kabla udon haijapoa. Alilipa, wakatoka, wakatembea bila kushikana mikono.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha mwisho katika msimu, vita vya Kagari, mwanamke mwenye mkuki, dhidi ya mwalimu wake wa zamani. Siku moja mchana simu ya Sayoko ikaita.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula. Sikiliza. Kile kipande Kagari anasimama kabla hajaingia vitani kimeondoka na dereva sasa hivi. Usimpe mtu. Kitazame wewe mwenyewe."

"Tetsu, vyote navitazama mimi."

"Najua. Hiki kitazame..." Alikuwa anahema. "Basi, kitazame tu. Halafu unipigie."

"Kina nini?"

"Utaona."

Kifurushi kilifika. Sayoko alikuwa na vifurushi vingine mlima mzima pembeni, macho yanamwasha kwa uchovu. Akaishika michoro baina ya vidole, akaipeperusha haraka haraka, kama wanavyofanya wote katika kazi hiyo ili kuona mwendo.

Sasa Kagari wa kwenye manga husimama kama mlingoti, miguu mbali, mkuki wima, uso haucheki. Mwandishi alimchora hivyo tangu ukurasa wa kwanza, na wasomaji wake hawasamehe hata kidole kikikaa vibaya. Kagari aliyeletwa na Tetsuharu aliweka mguu wa kushoto juu ya wa kulia, akaukuna. Mkono mmoja ukaenda kisogoni, ukavuta nywele. Akapuliza pumzi juu, nywele za usoni zikaruka. Halafu akaondoka kwenda vitani ubavuubavu, mkuki chini mno, kama mtu anayepenya sokoni na mwavuli. Ilikuwa michoro mizuri kupita yote aliyowahi kuletewa, na ilimuuma kuigusa. Lakini hakuwa Kagari.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mwalimu au muuza duka asingepata hata nafasi ya kulifanya. Nani kati yetu amewahi kujiona akiwa amesimama bila kujijua? Kwenye kioo tunajipanga, kwenye picha tunajikaza. Sayoko alijua miondoko ya wahusika wasiohesabika, wa kwake hakuujua. Akaweka karatasi ya njano juu ya mchoro wa kwanza, akaweka juu ya wa pili, akaendelea mpaka jioni, hata mmoja hakuuacha. Mguu ukashuka, mkono ukarudi kwenye mkuki, uso ukakazwa. Pembeni ya ule wa kwanza aliandika kwa penseli nyekundu: Huyu si yeye. Hakuna mwanamke anayesimama hivi. Turudi kwenye manga.

Kisha akapiga simu.

"Nimekiona," alisema.

"Ndiyo?" Sauti ya Tetsuharu ilikuwa juu, kama ya kijana.

"Umechoka, mpenzi. Usikasirike, lakini nimekirudia. Kila mchoro nimeuwekea njano."

Nyuma ya simu ilisikika redio ya jirani.

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Haikuwezekana, Tetsu."

"Haikuwezekana," alirudia polepole. "Basi, bosi. Nimeelewa."

"Tutakula wote Jumapili?"

"Jumapili nitakuwa nafunga mizigo."

Desturi ya kazi hiyo haina huruma. Michoro iliyosahihishwa humrudia mchoraji yule yule, ili aifuatishe mistari ya msimamizi na kuisafisha kwa mkono wake. Tetsuharu aliipokea, akalisoma lile neno jekundu, akakaa, akamwondoa mwanamke wake mchoro kwa mchoro, kwenye karatasi mpya, kama alivyoelekezwa; ile ya asili ikabaki kifurushini. Kazi aliileta kwa wakati. Siku ya kuondoka alituma ujumbe kutoka uwanja wa ndege: Asante kwa yote. Kula wali.

Sayoko alilia kwa hasira. Miaka miwili, halafu mtu anakuaga kwa wali! Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga kesho yake, na keshokutwa, halafu kiburi kikamshika na yeye akaacha. Alijiambia kwamba mwanamume aliyeshindwa kusema neno alikuwa hana neno la kusema. Akafanya kazi, akala mkate.

Desemba ilipoingia, mwongozaji wa kipindi, Bwana Takebayashi, mtu wa makamo mwenye sweta lililotoboka viwiko, alikuja mezani kwake na kile kifurushi.

"Sayoko, nikuulize jambo lisilonihusu?"

"Uliza."

"Kumkataa mtu ni haki yako. Lakini ulilazimika kumwandikia kwamba hakuna mwanamke anayesimama hivi? Lilikuwa neno kali mno."

Sayoko akasimama. "Nimemkataa nani?"

Takebayashi alimkodolea macho, akidhani anamfanyia dhihaka. Kisha uso wake ukabadilika. Akatoa michoro ya asili chini ya karatasi za njano, akaigonga mezani ikae sawa.

"Usijisogeze," alisema. "Baki hivyo hivyo ulivyo. Tazama miguu yako."

Sayoko akatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya wa kulia. Mkono wake, hakujua umekwenda saa ngapi, ulikuwa kisogoni.

Takebayashi akaipeperusha michoro mbele ya macho yake.

"Siku ilipoingia tuliiona wote," alisema kwa upole. "Kila mtu humu ndani alikutambua. Tukasema, Iwakiri kaposa. Ulipoifunika yote tukajua jibu lako, tukanyamaza. Ni mambo ya watu wawili, tungesemaje?"

Walinyamaza kwa heshima, watu wazima zaidi ya ishirini, wiki baada ya wiki, wakimpisha kwenye korido na kumwachia keki ya mwisho. Sayoko alikaa chini. Akaichukua michoro, akaipeperusha, akairudia, akairudia tena. Halafu akaanza kuzibandua karatasi zake za njano, na Takebayashi hakumzuia.

"Watu wa manga watapiga kelele," alisema tu.

"Wapige."

"Haya. Nitawaambia mimi ndiye niliyetaka."

Sayoko alipopiga simu nyumbani kwa akina Iwakiri, ilipokewa na mama.

"Tetsuharu yuko bandani. Wewe ndiye yule wa Tokyo?"

"Ndiyo mama."

"Namba yako anayo, anaishika simu na kuniangalia tu kama mgonjwa. Njoo ule, mwanangu. Njoo Jumapili."

Alikwenda. Alivaa koti la kijivu na skafu nyekundu ya dada yake, akapaka rangi ya midomo kisha akaifuta kwenye treni. Tetsuharu alimpokea stesheni na viatu vya mpira miguuni, amekonda, mikono imechanika kwa miiba midogo ya matango. Hawakuambiana la maana. Mama aliweka mezani kuku wa kukaanga na siki, na matango ya kila namna, na saa kumi na moja jioni, baba akiwa ameegemezwa kwenye mito, televisheni ikawashwa.

Kagari akasimama. Mguu ukapanda juu ya mguu, pumzi ikarusha nywele, na nchi nzima ikamwona. Baba, ambaye tangu kuanguka hakuwa na neno linaloeleweka, aliinua mkono wake mzima, akaonyesha televisheni, halafu akamwonyesha Sayoko, na kifuani mwake kikatoka kicheko kikavu. Mama akaziba mdomo. Tetsuharu alitazama mkeka. Sayoko machozi yalimtoka bila aibu, maana hakujua kamwe kwamba kuna mtu duniani anayemwona mzuri kiasi kile wakati anakuna mguu.

Kwenye jukwaa la treni upepo ulikuwa mkali. Walibaki na dakika chache.

"Sikujiona, Tetsu. Nakuapia, sikujua ni mimi."

"Sasa najua. Ningekuuliza kwa mdomo, kama watu."

"Basi nioe. Mimi ndiye ninayeuliza, kwa mdomo." Alimshika mkono uliochanika. "Nahamia huku. Nitajifunza matango. Mama yako ananipenda tayari."

"Anakupenda kuliko mimi," Tetsuharu alisema, akacheka kidogo. Kicheko hakikudumu. "Na kazi?"

"Nitaiacha."

"Juzi nilikuwa nachuma. Nikajikuta nimeshika majani matano baina ya vidole, nayapeperusha nione kama yanatembea. Sijui nilisimama hapo muda gani, mama ndiye aliyeniita. Baba hatapona, Sayoko. Banda haliachiki. Mimi mmoja kuzikwa humu inatosha."

"Nitachora huku huku."

"Utamsimamia nani? Matango?"

"Usinifanyie mzaha!" Sauti yake ilivunjika. "Niambie nibaki. Sema tu, treni iende zake. Sitaki kurudi."

Treni ilikuwa inaingia. Tetsuharu alimtazama usoni, akamtazama wote, kwa lile jicho lake, na Sayoko akangoja kile alichokingoja kwa miaka miwili.

"Rudi," alisema.

Mabega ya Sayoko yakashuka. Kidogo tu, kiasi cha unene wa mstari wa penseli, na pumzi ikamtoka puani, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Yeye mwenyewe hakuhisi. Alijua kwa sababu aliuona uso wa Tetsuharu ulivyobadilika, Tetsuharu alipoyaona mabega hayo.

"Siyo hivyo," alisema haraka. "Tetsu, siyo hivyo ulivyoona."

"Najua, bosi." Alikuwa anatabasamu, macho yamejaa. Akamsukuma taratibu kwa mgongo wa mkono mpaka mlangoni. "Panda, utachelewa ndege."

"Nakupenda. Unasikia? Nakupenda."

"Nimesikia. Hilo nalo nimeliona."

Mlango ulifungwa. Sayoko alikuwa anamwambia kweli, na Tetsuharu hakumwona muongo, na hakukuwa na kitu cha kusahihisha. Alipata kiti upande wa dirisha. Njia yote hadi uwanja wa ndege alikaa ameyainua mabega yake, ameyakaza yasishuke tena, mpaka yakamuuma.